Kengele 52 za Mabaharia wa Nyambizi

Mtu afapo nyumbani kwake, majirani hukusanyika, kaburi huchimbwa, na mtoto aliye mdogo leo huonyeshwa siku za baadaye mahali alipolazwa babu yake. Baharia afaye chini ya bahari hana kaburi la kuonyeshwa mtu. Maji hujifunga papo hapo yalipofunguka, na baada ya kitambo kidogo hapana awezaye kusema kwamba chombo kilipita hapo. Ndiyo sababu wale waliopigana vita kwa nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji, kisha wakarudi makwao salama, walijiona wanadaiwa na wenzao wasiorudi. Habari hizi ni za mabaharia wa nyambizi wa Marekani waliopigana na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili, na jinsi walivyolilipa deni hilo kwa muda wa miaka 57.

Kwanza yafaa kuifahamu kazi yenyewe. Nyambizi kubwa ya siku zile ilikuwa na urefu wa futi 312 hivi, na upana wake ulikuwa futi 27 tu. Ndani yake walikaa watu 80 kwa muda wa miezi miwili, pamoja na chakula chao, mitambo yao na topido zao. Juu ya maji ilikwenda kwa injini za dizeli. Chini ya maji, ambako injini hizo hazipati hewa, ilikwenda kwa nguvu ya betri. Na betri zikiisha nguvu hapana budi kupanda juu, hata kama adui angojea. Vitanda havikuwatosha wote, hivyo mmoja aliamka kwenda zamu na mwingine akalala mahali pale pale palipokuwa bado na joto la mwenzake. Wengine walilala juu ya topido. Adui alipoisikia nyambizi, aliitupia mabomu ya kupasukia majini, nao mabaharia walikaa kimya kabisa, mashine zimezimwa, jasho likiwatiririka, wakisikiliza meli yake ikipita juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyelazimishwa kuingia katika kazi hiyo. Wote walijitolea.

Mabaharia hao hawakufika hata watu wawili katika kila 100 wa jeshi la wanamaji la Marekani, lakini walizamisha zaidi ya nusu ya meli zote za Wajapani zilizozamishwa katika vita hivyo. Gharama yake ilikuwa kubwa. Nyambizi 52 zilipotea, na pamoja nazo watu wapatao 3,500. Katika watu kama 16,000 waliokwenda doria, zaidi ya mmoja katika kila watano hakurudi. Nyambizi nyingi zilipotea bila kutoa neno. Siku ya kurejea bandarini ilifika, ikapita, na mwisho karani aliandika katika daftari kwamba nyambizi fulani imechelewa na yadhaniwa imepotea. Mama aliyepata habari hiyo kwa simu ya maandishi hakuambiwa mwanawe amekufa wapi, wala kwa sababu gani, kwa kuwa hapakuwa na ajuaye.

Habari za nyambizi tatu zatosha kuonyesha jinsi mambo yao yalivyokuwa mazito. Tarehe 23 Mei 1939, kabla Marekani haijaingia vitani, nyambizi Squalus ilizama karibu na pwani ya New Hampshire ilipokuwa ikijaribiwa. Maji yaliingia kwa nyuma, watu 26 wakafa, na 33 waliobaki wakajifungia sehemu ya mbele, futi zaidi ya 240 chini ya maji. Nyambizi ya pili, Sculpin, ambayo ilikuwa ya aina ile ile, ilitumwa kuitafuta. Ikaliona boya lenye simu ambalo wenzao walikuwa wamelifungua lielee juu. Manahodha wawili wakazungumza maneno machache, kisha waya ukakatika. Siku ya pili yake chombo cha chuma chenye umbo la kengele kilishushwa na kupandishwa mara nne, na watu wote 33 wakatolewa wazima. Charles Momsen ndiye aliyewaongoza wapiga mbizi katika kazi hiyo. Squalus yenyewe iliinuliwa, ikatengenezwa, ikapewa jina jipya la Sailfish, ikarudishwa kazini.

Miaka minne baadaye, tarehe 19 Novemba 1943, Sculpin iliharibiwa na manowari ya Wajapani karibu na visiwa vya Truk. Nahodha wake aliuawa katika mapigano. Ofisa aliyeshika nafasi yake aliamuru watu watoke na chombo kizamishwe. Ndani yake alikuwamo Kapteni John Cromwell, ambaye alijua siri za mashambulio yaliyokuwa tayari kuanza. Aliogopa kwamba akitekwa na kuteswa huenda akazitoa siri hizo, basi akakataa kutoka, akazama na nyambizi. Baada ya kufa kwake alipewa nishani iliyo kubwa kuliko zote katika nchi yake.

Mateka 41 wa Sculpin walipelekwa Truk, kisha wakapakiwa katika meli mbili za kuchukulia ndege ziende Japani. Mateka 21 walitiwa katika meli iitwayo Chuyo. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba, katika tufani kali, Chuyo ilipigwa topido mara kadhaa, hata ikazama. Nyambizi iliyoipiga ilikuwa Sailfish, ile ile Squalus ya zamani, ambayo Sculpin ilikuwa imeitafuta mpaka ikaiona. Katika mateka wale 21 alipona mmoja tu. Mabaharia wa Sailfish hawakujua ni nani waliofungiwa ndani ya meli ile. Walifanya kazi yao kwa ushujaa, wakasifiwa kwa haki. Hata hivyo, mtu aandikaye habari za ushindi huo akaacha habari za wale 20 hajaandika kweli yote. Vita vilipokwisha, watu 21 wa Sculpin walirudi kwao wakiwa hai.

Tena kuna habari za nyambizi Tang. Nahodha wake, Richard O'Kane, alikuwa mmoja wa mashujaa wakubwa wa kazi hiyo. Katika usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 1944, katika mlango wa bahari wa Taiwan, alitoa topido yake ya mwisho. Topido hiyo iliharibika, ikageuka, ikarudi na kuipiga Tang yenyewe. Katika watu 87 walikufa 78. Baadhi ya wale tisa waliosalia walitoka nyambizi ikiwa chini kabisa, futi 180, kwa kutumia kifaa cha kupumulia kilichobuniwa na Momsen, yule yule wa habari za Squalus. Wote tisa walichukuliwa na meli ya Wajapani, wakapigwa sana. Waliowapiga walikuwa watu walioungua na kujeruhiwa katika meli ambazo Tang ilikuwa imezizamisha. O'Kane alieleza baadaye kwamba, walipotambua hivyo, waliweza kuvumilia mapigo yale bila chuki nyingi. Alifungwa mpaka vita vikaisha, akatoka kifungoni amekonda mno, akapewa nishani kuu, akaishi mpaka mwaka 1994. Katika miaka yake ya uzee aliandika kitabu kizima juu ya Tang, ili watu wake 78 wasipite kama upepo.

Wengine walimshukuru Mungu kwa njia nyingine. Eugene Fluckey, nahodha wa nyambizi Barb, alituma watu wanane pwani usiku mwezi wa Julai 1945 wakalipua garimoshi la Wajapani, na wote wanane wakarudi. Naye pia alipewa nishani kuu, lakini jambo aliloliona kuwa fahari zaidi ni kwamba katika doria zote alizoiongoza Barb hakuna hata mtu wake mmoja aliyejeruhiwa wala kuuawa. Alipostaafu, yeye na mkewe walikaa Ureno kwa miaka kadhaa wakilea yatima. Alikufa mwaka 2007, mwenye umri wa miaka 93.

Isidhaniwe kwamba waliostahili kukumbukwa ni manahodha peke yao. Wahenga walisema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Katika nyambizi hizo walikuwamo pia Wamarekani weusi, na Wafilipino, ambao kwa sheria za siku zile hawakupewa kazi nyingine ila kuwa wapishi na watumishi wa mezani wa maofisa. Hivyo ndivyo walivyoandikwa katika karatasi. Lakini chombo kilipoingia vitani, wengi wao walisimama penye mzinga, au walilinda zamu, au walibeba risasi, kama mtu mwingine yeyote. Humo ndani hamkuwa na nafasi ya kutengana: hewa ilikuwa moja, na bomu la adui halikuuliza cheo cha mtu wala rangi yake. Mwaka 1948 Rais Truman alitoa amri ya kuondoa ubaguzi katika majeshi. Amri hiyo ilikuja nyuma ya wale waliokwisha kufa. Lakini katika orodha za majina zilizochongwa baadaye, mtumishi wa mezani na nahodha wake wameandikwa katika jiwe moja.

Vita vilipokwisha, mabaharia hao walirudi katika kazi za raia. Wengine walilima, wengine walikuwa mafundi, wengine makarani. Kazi yao vitani ilikuwa imezoeleka kuitwa Utumishi wa Kimya, na wengi walikaa nao kimya hata nyumbani. Mke alijua tu kwamba mumewe hapendi chumba kifungwe, au kwamba huamka usiku akisikiliza. Basi mwaka 1955 walianzisha chama chao, chama cha wale tu waliotumika katika nyambizi za Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kila mwaka walikutana. Mwanzoni walikutana ili kuamkiana na kucheka, kama wafanyavyo askari wazee wote. Lakini neno kubwa la mkutano lilikuwa lile la kusoma majina. Msomaji alisoma jina la nyambizi moja iliyopotea, na kengele ikagongwa mara moja. Akasoma la pili, ikagongwa tena. Hivyo hivyo mpaka zote 52 zikaisha. Wakati huo hakuna aliyesema neno. Juu ya nyambizi hizo hawakusema kwamba zimezama. Walisema bado ziko doria.

Wazee hao hawakuridhika na kengele tu. Waliona kwamba sauti hupita, basi wakagawa kazi. Kila jimbo la Marekani lilikabidhiwa nyambizi moja iliyopotea, liitunze kumbukumbu yake. Na kwa kuwa majimbo ni 50 na nyambizi ni 52, majimbo ya California na New York yalipewa mbili mbili. Ndiyo sababu katika mji wa Fargo, North Dakota, nchi ya mashamba ya ngano iliyo mbali sana na bahari, kuna ukumbusho wa nyambizi Robalo iliyopotea mwaka 1944. Mkulima apitaye hapo na mtoto wake huulizwa, “Baba, nini hiki?” Naye hana budi kumjibu.

Msomaji aweza kuuliza: je, kuandika majina kuna faida gani kwa mtu aliyekwisha kufa? Habari za nyambizi Grayback zajibu. Nyambizi hiyo ilipotea mwezi wa Februari 1944, pamoja na watu wake 80. Baada ya vita maofisa wa Marekani walizitafsiri habari za Wajapani ili wajue kila nyambizi ilizama wapi. Katika kuandika mahali pa Grayback, tarakimu moja tu ilikosewa. Kosa hilo dogo lilipeleka kaburi la watu 80 maili 100 mbali na mahali pake, na kwa miaka 75 hakuna aliyejua. Mwisho Mjapani mmoja, Yutaka Iwasaki, alirudia maandishi yale ya kwanza ya jeshi la kwao, akasoma tena ripoti ya siku ile, akaiona tarakimu iliyo sahihi. Mwezi wa Juni 2019 watafutaji walikwenda mahali hapo, karibu na kisiwa cha Okinawa, wakaiona Grayback imelala chini ya futi 1,400 za maji, na kibao cha jina lake bado chasomeka. Mtoto wa adui wa zamani ndiye aliyewaonyesha watoto wa wale mabaharia kaburi la baba zao, na alifanya hivyo akiwa ameketi mezani mbele ya karatasi. Kila karani aandikaye tarakimu na alikumbuke jambo hilo.

Hata watu wa Afrika ya Mashariki wana sehemu yao katika habari za nyambizi, ingawa ni sehemu ya waliopigwa. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, wa kikosi cha 301, waliokuwa wakienda vita vya Burma, pamoja na mabaharia, askari wengine na wanawake wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldive, nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 iliipiga kwa topido. Ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Katika watu kama 1,500 walikufa karibu 1,300. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, ziliiwinda I-27 na kuizamisha siku ile ile, na karibu watu wake wote wakafa nayo. Hivyo wawindaji na wawindwa walilala katika bahari moja. Waliokufa katika Khedive Ismail hukumbukwa katika mnara wa East Africa Memorial, uliomo katika makaburi ya vita ya Nairobi. Watu wengi hupita karibu na makaburi hayo kila siku waendapo kazini, wala hawaingii.

Kila chama cha askari wazee kina tatizo moja lisilo na dawa: hakipati wanachama wapya. Chama cha mwaka 1955 kilikuwa cha watu wa vita moja tu, na kila mwaka kengele ilipogongwa viti vitupu viliongezeka. Wazee hao hawakungoja mpaka abaki mmoja wa kuzima taa. Mwaka 1964 mabaharia wa nyambizi walikuwa wameanzisha chama cha pili, chenye kumkubali kila aliyetumika katika nyambizi, awe wa wakati wa vita au wa baadaye. Mwaka 2012 wazee wa Vita Kuu ya Pili walikifunga chama chao, na vijana wakaendelea na kazi ya kuzitunza kumbukumbu. Tangu hapo wanaosoma majina ni watu ambao hawakumjua hata mmoja wa wale 3,500. Kila mwezi, katika mikutano yao, husoma nyambizi zilizopotea katika mwezi huo, na kengele hugongwa kama zamani.

Katika hayo yote, labda tendo la kufunga chama ndilo lenye hekima kuliko mengine. Kupigana kwataka ushujaa, na kukumbuka kwataka upendo, lakini kukabidhi kwataka mtu akubali kwamba yeye naye atakwenda. Wako wazee wengi katika kila nchi walioficha habari za vita vifuani mwao, wakidhani watoto hawataki kuzisikia. Wako na watoto wengi waliodhani baba hataki kuulizwa. Kati ya kimya cha huyu na kimya cha yule, majina hupotea.

Wafanya biashara wa pwani husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni la watu pia. Nyumba iliyo na babu, au mjomba, au shangazi aliyeona mambo ya zamani, yafaa iwe na daftari moja la senti chache, na kalamu, na kijana ajuaye kuandika. Na aandike jina, na mahali, na mwaka, na majina ya wenzake waliokuwa pamoja naye, hasa wale wasiorudi. Kisha akisome alichokiandika mbele ya mzee mwenyewe, ili kama iko tarakimu iliyokosewa, isahihishwe angali hai wa kuisahihisha.